Watoa Huduma za Urembo na Maambukizi Yapatikanayo kwa Kugusana Ngozi

Ukiacha wauguzi na matabibu, ni wafanyakazi wachache ambao kazi yao ya kila siku ni kushika mwili wa mtu mwingine kama afanyavyo mhudumu wa saluni. Huosha nywele, husuka, hunyoa, hukata kucha, husugua nyayo, huondoa nywele za kwapani na za sehemu za siri kwa nta, kisha humpokea mteja anayefuata. Muuguzi amefunzwa kumchukulia kila mgonjwa kuwa anaweza kuwa na maambukizi, na mahali pake pa kazi pana glavu, sanduku la kutupia vitu vyenye ncha kali na chumba cha kutakasia vifaa. Mhudumu wa saluni, ambaye mara nyingi ni kijana aliyejifunza kazi kwa kumtazama aliyemtangulia, huwa na taulo moja, chupa ya spiriti na imani kwamba mteja aliyevaa nadhifu hana ugonjwa.

Mazungumzo mengi kuhusu usafi wa saluni humhusu mteja, na ni haki yawe hivyo. Hata hivyo, mteja hukaa kitini kwa saa moja akaondoka, ilhali mhudumu hugusa ngozi za watu kumi au zaidi kwa siku, mwaka baada ya mwaka. Makala haya yanaeleza hatari zinazomkabili mhudumu huyo, namna maambukizi yanavyopita kutoka ngozi hadi ngozi, na hatua zinazoweza kuchukuliwa hata katika saluni ndogo ya mtaani.

Ngozi inapofunguka

Ngozi nzima ni ukuta imara. Virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini havipenyi ngozi isiyo na jeraha. Tatizo ni kwamba kazi ya urembo, kwa asili yake, huufungua ukuta huo. Nta inapobanduliwa huondoka na nywele pamoja na tabaka la juu kabisa la ngozi, na kila kitundu kilichong'olewa nywele hubaki wazi kwa muda. Katika kwapa na sehemu za siri, ambako nywele ni nene na zina mizizi ya kina, vitone vidogo vya damu huonekana mara kwa mara. Mchanganyiko wa sukari na maji ya ndimu, unaotumiwa na baadhi ya wanawake badala ya nta ya dukani, hufanya kazi kwa namna ileile na hauna tofauti kubwa katika suala la maambukizi. Wembe nao huacha michubuko isiyoonekana kwa macho, na ukataji wa nyama laini inayozunguka kucha ni jeraha dogo linalofanywa kwa makusudi.

Upande wa pili ni ngozi ya mhudumu mwenyewe. Mikono inayoloweshwa kutwa nzima kwa maji, sabuni, dawa za kulainisha nywele na asetoni hukauka, hupasuka na hatimaye hupata ukurutu. Wahudumu wengi huuona ukurutu huo kuwa kero ya kazi tu. Kwa mtazamo wa kinga ya maambukizi, kila mpasuko katika kidole ni mlango, na mlango huo hukutana na vitundu vilivyofunguliwa katika ngozi ya mteja.

Homa ya ini aina ya B, hatari isiyotajwa sana

Mhudumu akiulizwa anaogopa nini kazini, aghalabu hutaja UKIMWI. Hofu hiyo ina msingi, lakini virusi vya UKIMWI hudhoofika haraka vikiwa nje ya mwili. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi juu ya meza, mkasi au kikata kucha kwa siku zisizopungua 7 na bado vikaambukiza, hata pale ambapo tone la damu limekauka na halionekani tena. Takwimu zinazotumika katika huduma za afya zinaonesha tofauti hiyo: mtu asiye na kinga anapochomwa na sindano yenye damu ya mwenye maambukizi, uwezekano wa kuambukizwa virusi vya UKIMWI ni takribani asilimia 0.3, homa ya ini aina ya C ni karibu asilimia 1.8, na homa ya ini aina ya B ni kati ya asilimia 6 na 30. Mkasi wa kucha hauna tundu la kubebea damu kama sindano, hivyo hatari yake ni ndogo zaidi, lakini mpangilio wa hatari hizo tatu haubadiliki.

Kwa mujibu wa taarifa ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2024, watu milioni 254 walikuwa wakiishi na maambukizi sugu ya homa ya ini aina ya B mwaka 2022, na asilimia 63 ya maambukizi mapya yalitokea barani Afrika. Wengi wa watu hao hawajui hali zao. Ugonjwa huweza kukaa miongo kadhaa bila dalili, kisha ukajitokeza ini likiwa limesinyaa au likiwa na saratani. Ndiyo sababu haiwezekani kumtambua mteja mwenye virusi kwa kumtazama, na ndiyo sababu pia mhudumu anaweza kuambukizwa akiwa na umri wa miaka 20 na asijue hadi amelea watoto wake.

Watoto nchini huchanjwa dhidi ya homa ya ini aina ya B kupitia chanjo ya Penta. Watu wazima waliozaliwa kabla ya chanjo hiyo kuingizwa katika ratiba ya watoto hawakuipata, na wengi wa wahudumu wenye umri mkubwa wamo katika kundi hilo. Kwa mtu mzima, chanjo hutolewa kwa dozi 3: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja na ya tatu mwezi wa sita tangu ile ya kwanza. Kabla ya kuanza hufanyika kipimo cha damu, kwa kuwa chanjo haimsaidii aliyekwisha kuambukizwa. Homa ya ini aina ya C haina chanjo, ingawa sasa inatibika kwa vidonge vinavyotumiwa kwa wiki 8 hadi 12.

Maambukizi ya ngozi yenyewe

Yapo magonjwa yasiyohitaji damu. Mapunye na choa, yanayosababishwa na fangasi, husambaa kupitia chanuo, mashine ya kunyolea na taulo, na vijidudu vyake huweza kudumu kwenye vifaa hivyo kwa miezi. Upele unaosababishwa na utitiri hupita kwa kugusana kwa muda. Mtu anayeupata kwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 hadi 6 kabla ya kuanza kujikuna, na katika kipindi hicho chote anaweza kuwaambukiza wengine. Mhudumu anayegundua upele leo atakuwa ameshika wateja wengi kabla ya leo.

Chunjua, masundosundo na vipele vya moluskamu kontajiosamu ni kazi ya virusi vinavyoishi katika tabaka za juu za ngozi. Vipele vya moluskamu ni vidogo, vigumu, vinang'aa na vina kishimo katikati. Nta au wembe ukipita juu yake hupasua kipele, hutoa ute uliojaa virusi na kuusambaza kwenye vitundu vya jirani. Madaktari wa ngozi katika mji wa Nice, Ufaransa, walichapisha mwaka 2013 taarifa ya wagonjwa 30 waliokuwa na vipele hivyo sehemu za siri, na 28 kati yao walikuwa wakiondoa nywele za eneo hilo. Idadi hiyo ni ndogo na haithibitishi chanzo, lakini inaendana na yale yanayofahamika kuhusu tabia ya kirusi hicho.

Malengelenge ya hepesi yanastahili tahadhari ya pekee kwa mhudumu, kwa kuwa virusi vyake huweza kuingia katika kidole kilichochubuka kando ya kucha na kusababisha uvimbe wenye maumivu makali, unaorudi mara kwa mara na kumzuia kufanya kazi. Mteja huweza kutoa virusi hivyo hata asipokuwa na kidonda kinachoonekana. Bakteria nao, hususan stafilokokasi na streptokokasi, husababisha majipu, vipele vya usaha kwenye mashina ya nywele na wakati mwingine maambukizi ya ndani ya ngozi. Mwaka 2007 jarida moja la kitabibu lilieleza kisa cha mwanamke kijana nchini Australia, mwenye kisukari kisichodhibitiwa vizuri, aliyepata maambukizi makali ya streptokokasi na hepesi baada ya kuondolewa nywele za sehemu za siri kwa nta. Kisukari, ujauzito na dawa zinazopunguza kinga ya mwili ni mambo ambayo mhudumu anapaswa kuyauliza kabla ya kuanza kazi.

Mpox imeongeza sura nyingine. Wizara ya Afya ilithibitisha kuwapo kwa wagonjwa wa kwanza nchini mwezi Machi 2025. Ugonjwa huu husambaa zaidi kwa kugusana moja kwa moja na vipele au majimaji yake, na vipele hivyo hutokea mara nyingi katika maeneo ambayo mtoa huduma za urembo huyashughulikia: uso, viganja, nyayo na sehemu za siri.

Beseni la miguu

Katika miji mingi nchini, vijana hutembea mitaani na sokoni wakiwa na kikapu cha rangi za kucha, jiwe la kusugulia miguu na beseni la plastiki. Huduma yao ni ya bei nafuu na inapendwa. Beseni hilo, pamoja na lile la saluni, linahitaji kuangaliwa kwa makini. Mwaka 2000, zaidi ya wateja 100 wa saluni moja ya kucha katika jimbo la California, Marekani, walipata majipu sugu miguuni yaliyochukua miezi kupona. Wachunguzi walikuta bakteria wa jamii ya maikobakteria, ambao kwa kawaida huishi katika maji na udongo, wakiwa wamezaliana nyuma ya vichujio vya mabeseni ya umeme, mahali ambapo nywele na mabaki ya ngozi yalikuwa yamekusanyika bila kusafishwa. Wateja walionyoa miguu kwa wembe kabla ya kwenda saluni ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi.

Beseni la plastiki halina vichujio, na kwa hakika ni rahisi zaidi kulisafisha kuliko lile la umeme. Linahitaji kusuguliwa kwa sabuni, kusuuzwa, kupakwa dawa ya klorini kwa dakika 10 na kukaushwa kati ya mteja mmoja na mwingine. Jiwe la kusugulia halisafishiki, kwa sababu vitundu vyake huhifadhi ngozi na damu. Linapaswa kuwa la mteja mmoja, akaondoka nalo.

Nta haijitakasi

Imani iliyoenea ni kwamba nta, kwa kuwa ni ya moto, huua vijidudu. Joto linalovumilika kwenye ngozi ya binadamu halitoshi kutakasa kitu chochote. Kijiti kilichogusa ngozi kikirudishwa kwenye chungu cha nta, hubeba nywele, seli za ngozi na pengine damu, na chungu hicho humhudumia mteja wa pili hadi wa mwisho wa siku. Njia salama ni kutumia kijiti kipya kwa kila mchoto. Vijiti vya mbao vinavyonunuliwa kwa pakiti havina gharama kubwa, lakini mhudumu anayelipwa kwa asilimia na kununua vifaa mwenyewe ataona ni hasara. Ipo njia nyingine inayokubalika: kuchota nta ya kumtosha mteja mmoja, kuiweka katika chombo kidogo na kutupa itakayobaki. Kuichuja nta iliyotumika na kuiyeyusha upya hakukubaliki kwa namna yoyote.

Kijisanduku chenye taa ya rangi ya zambarau, kinachoonekana katika saluni nyingi na ambacho wateja hukiamini, hakitakasi vifaa. Mwanga wake hufika pale tu unapopiga, hauingii katika maungio ya mkasi wala chini ya uchafu. Kinafaa kuhifadhia kifaa kilichokwisha kutakaswa. Spiriti nayo ina kazi yake: pombe ya asilimia 70 huua vijidudu vingi juu ya kitu kisafi endapo itaachwa ikauke yenyewe. Kupitisha pamba yenye spiriti juu ya mashine yenye nywele na damu, kisha kuanza kumnyoa mteja aliyekwisha kukaa, ni kumtuliza mteja tu.

Hatua ya kwanza kwa kifaa chochote cha chuma ni kukiosha kwa sabuni na burashi, mhudumu akiwa amevaa glavu nene, kwa kuwa uchafu huzuia dawa kufanya kazi. Kisha hutakaswa. Njia bora ni mtungi wa mvuke wenye mgandamizo, kwa nyuzi joto 121 za Selsiasi. Pasipo na mtungi huo, kuchemsha kwa dakika 20 tangu maji yaanze kutokota, vifaa vikiwa vimezama vyote, huua virusi na bakteria wengi, ingawa hakuui mbegu sugu za baadhi ya bakteria. Dawa ya klorini ya dukani yenye nguvu ya asilimia 3.5 huchanganywa kipimo 1 kwa vipimo 6 vya maji ili kupata asilimia 0.5, na vifaa hulowekwa kwa dakika 10. Dawa hii hula chuma, hivyo vifaa visuuzwe na kukaushwa mara moja. Mchanganyiko utengenezwe kila siku. Wembe hautakaswi, hutumika mara moja na kutupwa katika chombo kigumu chenye mfuniko.

Glavu, na wakati wa kuzivua

Katika saluni nyingi glavu huvaliwa wakati wa kupaka rangi ya nywele, ili mikono isichafuke, na huvuliwa wakati wa kukata kucha au kubandua nta, yaani pale hasa zinapohitajika. Glavu za nitraili hustahimili kemikali kuliko za mpira wa kawaida na haziwadhuru wenye mzio wa mpira. Jozi moja ni ya mteja mmoja, na iwapo mhudumu atatoka sehemu za siri kwenda kwapani au usoni, jozi hubadilishwa. Glavu iliyoshika simu, droo ya fedha na kisha ngozi ya mteja imepoteza maana yake. Mikono huoshwa kwa sabuni na maji tiririka kabla ya kuvaa na baada ya kuvua, hukaushwa, kisha hupakwa mafuta yasiyo na manukato ili ngozi isipasuke.

Aidha, mhudumu ana haki ya kuahirisha huduma. Ngozi yenye malengelenge, majipu, vipele visivyoeleweka, kidonda au uvimbe haipakwi nta wala kunyolewa. Kuahirisha huko hufanywa kwa faragha na kwa lugha ya staha: mteja huelezwa kuwa ngozi yake inahitaji kuonwa kwanza na mtaalamu wa afya, bila kutajiwa jina la ugonjwa, kwa kuwa mhudumu si tabibu. Jambo hili lisichanganywe na kumkataa mteja kwa sababu anajulikana au anahisiwa kuishi na virusi vya UKIMWI. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza ubaguzi wa aina hiyo, na kitaalamu hauna faida yoyote, kwa kuwa tahadhari zilezile hutumika kwa kila damu.

Mhudumu anapojikata

Ajali ikitokea, jeraha huoshwa mara moja kwa maji tiririka na sabuni. Halikamuliwi, halinyonywi, wala halimiminiwi klorini. Damu ikiruka machoni, macho huoshwa kwa maji safi mengi. Baada ya hapo mhudumu afike kituo cha kutolea huduma za afya siku hiyohiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI huanza kutumiwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora, kisha huendelea kwa siku 28. Kwa homa ya ini aina ya B, asiyechanjwa huweza kuanzishiwa chanjo papo hapo, ikiwezekana ndani ya saa 24. Hakuna sababu ya kusubiri majibu ya mteja, na mteja halazimishwi kupimwa.

Wahudumu wengi hawafanyi lolote kati ya haya. Hufunga kidole kwa plasta na kuendelea, kwa kuwa kuondoka ni kupoteza wateja wa siku hiyo.

Wajibu wa mmiliki

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kulinda afya ya wafanyakazi wake, ikiwamo kuwapatia vifaa kinga, na saluni ni mahali pa kazi kama palivyo kiwanda. Maafisa afya, kwa kutumia Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, hukagua usafi wa maeneo haya. Ugonjwa utokanao na kazi hulipiwa fidia kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2008.

Ugumu upo katika namna saluni nyingi zinavyoendeshwa. Mhudumu aliyekodi kiti, au anayegawana mapato na mwenye saluni bila mkataba, huwa hana mwajiri anayemchangia katika Mfuko, na hakuna anayejiona kuwa na wajibu wa kumnunulia glavu. Kwa mhudumu wa namna hiyo, makubaliano ya maandishi na mwenye saluni yanayotaja nani ananunua vifaa kinga, nani anatakasa vyombo na nini kinafanyika ajali ikitokea ni mwanzo unaofaa.

Kipimo na chanjo ya homa ya ini aina ya B kwa watu wazima hupatikana katika hospitali na baadhi ya vituo vya afya, kwa kawaida kwa malipo. Inashauriwa kuuliza gharama na uwepo wa dozi zote 3 kabla ya kuanza. Ushauri kuhusu usafi wa saluni hutolewa na afisa afya wa kata husika, na maswali kuhusu magonjwa yaliyotajwa katika makala haya yanaweza kuulizwa bila malipo kupitia namba 199 ya Wizara ya Afya.